Fisi Aliyeitwa Jirani na Watoto Wake

Hadithi yangu haina mbio. Anayetaka kuisikia na akae, na aliyekaa na atulie, nami nitaanza kwa jina la Mungu aliyemuumba mwenye pembe na asiye na pembe.

Zamani, katika Bonde la Mkwaju, Mungu alizizuia mvua. Alizizuia msimu mmoja, wanyama wakasema ni kawaida. Alizizuia msimu wa pili, wakaanza kutazamana. Mto uliopita katikati ya bonde ukawa mchanga mtupu. Vyura, ambao hawakuwahi kuwa na adabu ya kunyamaza, wakanyamaza. Maji yaliyobaki yalikuwa matone tu, yakitoka mwambani kule milimani. Mnyama aliondoka alfajiri na kibuyu chake, akarudi jua likiwa kali, na kibuyu hakijajaa.

Bonde lile lilikuwa na shule. Ilikuwa ukingoni mwa mto, ndani ya ua wa minyaa, na mwalimu wake alikuwa Kobe. Kobe alifundisha taratibu, maana hakuwa na namna nyingine ya kufanya jambo lolote. Aliwafundisha watoto wa wanyama kuutambua mlio wa hatari, kusokota kamba za mkonge, na kuchimba visima mchangani. Mwaka ule yeye na wanafunzi wake walikuwa wakichimba kisima kirefu katikati ya mto mkavu. Walikuwa wamefika chini sana. Mchanga ulikwisha kuwa na unyevu, lakini maji hayajaonekana.

Mtoto anayechimba hushikwa na kiu. Kwa hiyo shule ilikuwa na mtungi wake, na kila siku ya gulio kila nyumba ilikwenda kumimina humo kibuyu kimoja cha maji, nyumba yenye watoto na nyumba isiyo na watoto. Hiyo ndiyo iliyokuwa kodi ya shule.

Tena palikuwa na desturi. Bonde lilikuwa na mashimo mengi, na mnyama akitumbukia, wanafunzi walikuja na kamba yao ndefu. Lakini hawakuvuta mpaka mtoto wa yule aliyetumbukia aishike kamba wa kwanza, mbele ya wote. Wazee walisema mtoto hawezi kuiachia kamba iliyombeba mzazi wake. Na asiye na mtoto? Huyo alishikiwa na mwanafunzi yeyote, maana kibuyu chake kilikuwa mtungini, na wanafunzi walikuwa wamekinywa.

Basi ukame ulipozidi, Mfalme Simba aliitisha baraza. Alijinyoosha, akatikisa manyoya ya shingoni, akasubiri kwanza watu wayatazame vizuri.

"Nimewaita, nanyi mmekuja," akasema. "Hilo linaonyesha kwamba mna akili. Nani ana neno?"

Fisi akasimama. Alikuwa amevaa uso wa huzuni, lakini haukumkaa vizuri, maana kinywa chake kimezoea kucheka.

"Mfalme wangu, mimi ni mnyama mpweke," akasema. "Sina mtoto. Nauliza tu, wala sigombi. Asiye na meno hununua mswaki wa nini?"

"Meno unayo mengi sana," akasema Sungura kutoka nyuma.

"Huo ni mfano, bwana mdogo. Ninasema hivi: mimi nakwenda mlimani, nateseka, narudi na kibuyu. Halafu kibuyu changu kinanywewa na watoto wa Ngiri, ambao hata salamu hawanipi."

"Wanakuogopa," akasema Mama Ngiri.

"Waniogope nyumbani kwao, kwa maji ya kwao."

Wanyama wakacheka. Simba naye akacheka, na alipocheka akaona kwamba baraza lake limechangamka, akafurahi sana na nafsi yake.

Kobe akatoa kichwa polepole. "Bwana Fisi, watoto hao wakiyafikia maji ya kisima, wewe hutakunywa?"

"Wakiyafikia nitashukuru, Mwalimu. Lakini hawajayafikia. Kila siku nasikia unyevu, unyevu. Mimi sijawahi kunywa unyevu."

"Na siku ukitumbukia shimoni, nani atakushikia kamba?"

"Sitatumbukia. Mimi hutazama ninapokanyaga."

Simba akaona sasa ndio wakati wa kusema neno kubwa. Akanguruma kidogo ili kusafisha koo. "Nimeamua. Asiye na mtoto asitoe maji ya shule. Na asiyetoa maji asidai mkono wa mwanafunzi siku ya shimo. Hiyo ndiyo sheria, na sheria yangu hairudi nyuma, kama mimi mwenyewe nisivyorudi nyuma."

"Haki tupu," akasema Fisi, akainama hadi pua ikagusa vumbi.

"Kuna mwingine asiye na mtoto?" Simba akauliza.

Wanyama wakamtazama Kanga, kisha wakaangalia pembeni. Kanga alikuwa mjane mwenye madoa meupe na mwendo wa heshima. Mwaka uliopita alikuwa na vifaranga wanne. Mwewe alikuja msimu mmoja, na msimu ulipokwisha hakuwa na hata mmoja.

"Nilikuwa nao, Mfalme," akasema Kanga. "Mungu alinipa, na Mungu akawachukua. Jina lake lihimidiwe."

"Basi kodi umesamehewa."

"Ahsante. Lakini nitaleta."

Fisi akamgeukia. "Dada yangu, umesamehewa, bado unakwenda kuwamwagia maji watoto wa wenzio? Moyo huo ni mzuri, lakini hauna hesabu."

Kanga akafikiri. Alikuwa na desturi ya kufikiri kabla ya kusema. "Mwewe alipokuja, wanangu walikuwa hawajafika umri wa shule," akasema. "Hawakuujua mlio wa hatari. Nililia kwa nguvu zangu zote, nao wakasimama wakinitazama, wakidhani naimba. Bwana Fisi, katika jambo hilo mimi sitaki mzazi mwingine awe mwenzangu."

Baraza likavunjika.

Sasa niwaambieni jambo ambalo baraza halikulijua. Fisi alikuwa na watoto watatu. Walizaliwa wakati wa ukame, ndani kabisa ya pango nyuma ya kichuguu, na hakuna mnyama aliyekuwa amewaona. Fisi aliwapa majina ya vitu anavyovipenda zaidi duniani: wa kwanza Mfupa, wa pili Uboho, na kitinda mimba akaitwa Mchuzi.

Alipofika nyumbani aliwaita wote.

"Wanangu, sikilizeni. Kuanzia leo mimi si baba yenu."

"Umekuwa nani?" Mfupa akauliza.

"Nimekuwa jirani. Mkiniona njiani mniite Jirani. Mkiwa na njaa semeni, Jirani, tuna njaa."

"Na mimi?" akauliza mkewe.

"Wewe ni Bi Jirani."

Mke wa Fisi akaweka chini kibuyu alichokuwa amekishika. "Nimekuzalia watoto watatu katika pango lenye kunguni, ili niwe Bi Jirani?"

"Ni kwa ajili ya kibuyu kimoja, mke wangu. Kibuyu kimoja kila gulio."

"Na shule je? Watajifunza wapi?"

"Mimi nilisoma wapi? Si nimekuwa Fisi kamili?"

Mkewe akamtazama kutoka masikioni hadi mkiani, akaona hilo halina jibu la haraka.

Mambo mabaya yana miguu mirefu. Gulio lililofuata, wanyama walimwona Fisi akipita shuleni mikono mitupu, tena akipiga mluzi, nao wakaingiwa na wivu. Mama Ngiri akatangaza kwamba yeye pia hana mtoto. Akawaficha vitoto vyake ndani ya majani marefu. Lakini vitoto vya ngiri vikikimbia huinua mikia, na mikia ile ikaonekana juu ya majani, myembamba, imesimama, ikipita huku na huku.

"Mama Ngiri, ile ni nini?" Kobe akauliza.

"Mimea, Mwalimu. Mwaka huu inaota hivyo."

"Inaota ikikimbia?"

"Ni upepo."

Siku ile hapakuwa na upepo hata wa kumpepea nzi.

Nyani akaja na mwanawe akiwa amemng'ang'ania mgongoni. "Sina mtoto," akasema. "Huu ni mzigo."

"Mzigo wako unanyonya kidole," akasema Kobe.

"Ni mzigo wenye kiu."

Sungura naye alijaribu. Alisimama mbele ya Kobe, akainua mkono, akaanza kuapa kwamba nyumba yake ni tupu. Lakini watoto wa Sungura ni wengi mno, na hata kabla hajamaliza kiapo walikuwa wakipita katikati ya miguu yake, wengine wakienda shule, wengine wakirudi, na mmoja akimwomba ruhusa ya kwenda haja. Sungura akashusha mkono, akaenda kuleta kibuyu.

Hivyo bonde zima likawa bonde la matasa, na lilikuwa limejaa kelele za watoto. Mtungi wa shule ukapungua. Ukafika nusu, ukafika chini ya nusu, ukaanza kulia koi, koi, wanafunzi walipochota. Kobe akawaambia wazazi, "Mtungi ukikauka nitafunga shule. Siwezi kumwambia mtoto achimbe wakati ulimi wake umeganda."

Kanga aliyasikia hayo, na usiku ule hakuwa na usingizi. Nyumba yake ilikuwa kimya tangu msimu wa Mwewe. Kitu kimoja tu kilichomtoa kitandani asubuhi kilikuwa sauti za wanafunzi, wakipita njiani wakirudia ule mlio wa hatari, kila mmoja kwa sauti yake, wote wakikosea. Kanga alikuwa akiwasahihisha kupitia dirishani. Shule ikifungwa, asubuhi zake zitakuwa na nini?

Gulio lililofuata alikwenda mlimani mara mbili. Alipokuwa akikaribia shule, akaona kitu kimejikunyata nyuma ya ua wa minyaa. Kilikuwa kitoto chenye madoa na masikio makubwa, kikichungulia kwenye tundu, na midomo yake ikifuata kila neno la mwalimu. Mikononi kilikuwa na majani makavu, kikijaribu kuyasokota kama kamba.

"Wewe ni mtoto wa nani?" Kanga akauliza.

"Wa jirani," akajibu Mchuzi, maana ndiye aliyekuwa.

"Jirani wa nani?"

"Jirani wa Bi Jirani."

"Na baba yako je?"

Mchuzi akafikiri kwa uchungu. "Nilikuwa naye," akasema, "lakini amehamia jirani."

Kanga akacheka. Tangu msimu wa Mwewe hakuwa amecheka, na kicheko kilimtoka vibaya, kama mlango uliofungwa muda mrefu. Akakitazama tena kile kitoto: madoa, masikio, na kinywa kinachocheka hata kikiwa na huzuni. Akaelewa. Hakusema kitu. Alimwonyesha Mchuzi namna ya kubana majani kwa vidole vya mguu ili kamba isifumuke, kisha akaingia shuleni, akamimina kibuyu chake mtungini. Akamimina na cha pili. Hakusema cha pili ni cha nani, na Kobe, ambaye hana haraka, hakuuliza.

Hivyo alifanya kila gulio, na mtungi haukukauka kabisa. Lakini haukujaa, na Kobe alikuwa ameanza kuikunja mikeka ya shule, tayari kuifunga.

Aliyeshtuka zaidi kuona mikeka inakunjwa alikuwa Sungura. Aliwafikiria watoto wake wote wakiwa nyumbani mchana kutwa, kuanzia asubuhi hadi jioni, kila siku. Akaona afadhali ukame. Akaketi, akakuna sikio, akasema, "Lazima Fisi apatikane." Maana Sungura alikuwa amekwisha kuona nyayo nyuma ya kichuguu, nyayo kubwa na nyayo ndogo, na alijua kwamba mpweke haachi nyayo za saizi mbili.

Akachukua mfupa mkavu wa nyati, akaufunga kwa majani, akaingia kisimani mchana wanafunzi walipokwenda kula, akaufukia chini kabisa katika mchanga wenye unyevu. Kisha akaenda akakaa njiani, akajifanya anajisemea peke yake.

"Hapana, sitasema," akasema Sungura. "Nimeapa. Mnofu wa nyati si mali yangu."

Kichaka kikatikisika. "Mnofu gani?" kikauliza.

"Kumbe ni wewe, Bwana Fisi. Sikukuona. Si kitu, kaka. Ni zawadi ya wanafunzi. Mfalme ametoa paja la nyati, limefukiwa kisimani ili lisiharibike na joto. Lakini wewe huna mwanafunzi, kwa hiyo halikuhusu."

"Halinihusu kabisa," akasema Fisi, na udenda ukamdondoka miguuni. "Limefukiwa upande gani, nisije nikalikanyaga kwa bahati mbaya?"

"Katikati. Chini sana. Lakini ninakuomba, usiende wakati wa adhuhuri, maana wakati huo wote wamelala, na utakosa mtu wa kukukataza."

Adhuhuri ilipofika na bonde likalala kwa joto, Fisi alishuka kisimani kwa gogo lenye mikato lililokuwa ngazi ya wanafunzi. Akanusa. Mfupa ulikuwapo. Akaanza kuchimba.

Wallahi, hajawahi kuonekana mchimbaji kama yule. Mchanga ulitoka kisimani kama moshi. Alichimba kwa mikono, akachimba kwa miguu, akachimba kwa meno. Kazi ambayo shule ingeifanya kwa mwezi mzima, yeye aliifanya kabla kivuli hakijasogea. Akaupata mfupa, akaung'oa, na chini yake kulikuwa na tabaka jembamba la udongo. Kwa tamaa akalipiga teke ili aone kama kuna mwingine.

Udongo ukapasuka. Maji yakaruka yakampiga usoni.

Juu, Sungura alikuwa ameivuta ngazi na kwenda kuwaamsha watu, maana alitaka waje wamcheke mwizi wa zawadi. Maji hakuyatarajia. Lakini waliotangulia kufika hawakuwa watu wa baraza. Mfupa, Uboho na Mchuzi walikuwa wamefuata harufu ya baba yao.

"Jirani," Mfupa akaita kutoka ukingoni, "unafanya nini humo?"

"Naoga," akasema Fisi. Maji yalikuwa magotini. "Nipeni kamba, upesi."

Watoto wakasokota majani. Mfupa na Uboho hawakuwa na mafunzo yoyote. Kamba yao ilikuwa nene mahali pamoja na nyembamba mahali pengine, na hapo pembamba ndipo ilipokatika. Fisi akaanguka matakoni, chubwi. Wakasokota nyingine. Chubwi. Mchuzi akasema, "Kaka, banieni kwa vidole vya mguu," lakini hakuna kaka mkubwa anayemsikiliza kitinda mimba.

Bonde zima likafika: Simba mbele, Kobe nyuma, wanafunzi katikati na kamba yao ya mkonge. Waliposikia sauti ya maji walitaka kucheza ngoma palepale. Lakini Simba akainua mkono, maana aliona kuna mtu wa kuhukumiwa, na hukumu alikuwa akiipenda kuliko maji.

Sungura akachungulia. "Bwana Fisi, hali gani?"

"Nzuri. Yamefika kiunoni. Leteni kamba."

"Kamba ipo. Desturi ndiyo inayotuzuia. Mtoto wako yuko wapi aishike kwanza?"

Maji yakasema glu, glu.

"Sina mtoto," akasema Fisi.

"Na hawa watatu wenye madoa?"

"Sijui. Wapita njia."

Sungura akawageukia. "Ninyi, aliye humo ni nani wenu?"

"Jirani," wakajibu wote watatu, kwa adabu, kama walivyofundishwa.

Bonde likaangua kicheko. Mama Ngiri alicheka hadi vitoto vyake vikatoka majanini kuja kuona. Mzigo wa Nyani ulicheka juu ya mgongo wa mama yake. Hata Kobe alitikisika ndani ya gamba, kukasikika kama kibuyu chenye mbegu.

"Sheria yangu hairudi nyuma," Simba akanguruma. "Hakutoa maji, hadai mkono wa mwanafunzi. Na mtoto hana, amesema mwenyewe. Basi."

"Mfalme, yamefika kifuani," akasema Fisi.

"Sema neno moja tu, kaka," akasema Sungura. Hakuwa akicheka tena, na masikio yake yalikuwa yamelala. "Neno dogo. Hawa ni nani?"

Fisi akafungua kinywa. Akaona macho yote ya bonde juu yake. Akaona aibu yake itakavyokuwa kubwa, akavifikiria vibuyu vyote vya nyuma atakavyodaiwa. Akafunga kinywa.

Ndipo Mchuzi, aliyekuwa ameinama ili asikie jirani atasema nini, akateleza. Mchanga wa ukingoni ukamomonyoka chini ya miguu yake, akaenda kichwa mbele, kisimani.

Kicheko kikakatika kama kamba ya majani.

Fisi alipiga mbizi. Wakaona mkia tu, kisha hawakuona kitu, kisha kikatokea kichwa chake, na Mchuzi akiwa meno­ni kwa ngozi ya shingo, akikohoa. Fisi akamwinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Maji yalikuwa shingoni mwake sasa.

"Mwanangu," akasema. "Huyu ni mwanangu. Wale pia ni wanangu. Niliwakana kwa ajili ya kibuyu. Mvuteni huyu, mimi mniache mtakavyo. Mwalimu, nakuomba. Mvuteni mwanangu."

Simba akatikisa kichwa, na hakujua atoke vipi ndani ya sheria yake mwenyewe. "Lakini hakutoa maji," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Mtoto wa asiyetoa maji hana mkono wa…"

"Amelipiwa," akasema Kanga.

Wote wakageuka.

"Nilimkuta nyuma ya ua," akasema Kanga. "Tangu hapo kila gulio nimemimina vibuyu viwili. Kimoja changu. Kimoja cha mtoto wa jirani. Mwalimu ni shahidi."

Kobe akatoa kichwa hadi mwisho wa shingo yake, jambo ambalo hulifanya mara chache. "Ni kweli," akasema. "Mtoto huyu ni mwanafunzi. Tupeni kamba."

Kamba ya mkonge ikashuka. Mchuzi akajifunga mwenyewe, kwa fundo la shuleni, lile alilolichungulia tunduni, na wanafunzi wakamvuta. Alipofika juu hakwenda kujikausha. Akaigeukia kamba, akaishika wa kwanza, mbele ya wote, kama desturi ilivyotaka. Mfupa akashika nyuma yake, na Uboho nyuma ya Mfupa, na mke wa Fisi, aliyefika akihema, akashika nyuma ya Uboho, akisema, "Bwana Jirani, ukitoka humo tutazungumza." Kisha wanafunzi wote. Wakavuta. Fisi akatoka amelowa chapachapa, na mfupa mkavu wa nyati bado ameubana kwapani, maana Fisi ni Fisi.

Maji yakapanda hadi karibu na ukingo, yakatulia, matamu na baridi. Bonde zima likanywa. Vyura wakarudi siku ileile na kusema yote waliyokuwa wameyaweka moyoni misimu miwili.

Simba akapanda juu ya mwamba. "Kama nilivyofikiri tangu mwanzo," akasema, "kila nyumba itatoa kibuyu cha shule, yenye watoto na isiyo na watoto. Na Fisi ataujaza mtungi peke yake mpaka mvua zirudi." Sungura akataka kumkumbusha alivyosema kwanza, lakini akayatazama makucha ya mfalme, akaona kumbukumbu yake si nzuri siku hizo. Vitoto vya Ngiri vikaacha kuwa mimea. Mzigo wa Nyani ukateremka mgongoni, ukaenda shule kwa miguu yake.

Asubuhi ya kwanza ya masomo mapya, Fisi alisimama langoni na kibuyu, mgongo ukimuuma. Kanga naye alikuwapo na chake. Kobe akawauliza wanafunzi wageni mmoja mmoja, kama ilivyo ada, mpaka akamfikia Mchuzi.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Mchuzi akamtazama baba yake langoni. Akamtazama Kanga. Akafikiri kabla ya kusema, maana tabia hiyo alikuwa amekwisha kuipata mahali fulani.

"Baba yangu ni Fisi," akasema, "na nimekua kwa kibuyu cha Mama Kanga."

Kanga akainamisha kichwa, akaupangusa mdomo wa kibuyu ingawa ulikuwa mkavu. Kisha wanafunzi wakaanza mlio wa hatari, kila mmoja kwa sauti yake, naye akawasahihisha, safari hii akiwa ndani ya ua.

Hapo ndipo nilipoiacha hadithi, na maji ya kisima kile Mungu ayabariki. Kuzaa si kazi, kazi kulea.